Sultan Khan: bingwa wa sataranji aliyefundishwa na wale waliomshinda

Mwaka 1929, mtu mmoja kutoka kijiji cha Punjab, India, alifika London na kushindwa vibaya katika mashindano madogo ya sataranji, mchezo ambao huku kwetu tunauita échecs kwa Kifaransa. Miezi michache baadaye alikuwa bingwa wa Uingereza. Jina lake Sultan Khan. Yaliyotokea kati ya kushindwa kule na ushindi ule yanamhusu kila kijana wa Masisi na Walikale anayejifunza mchezo huu peke yake kwenye simu.

Sultan Khan alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakati India ilikuwa bado koloni la Uingereza. Baba yake ndiye aliyemfundisha sataranji, akiwa na umri wa miaka 9 hivi. Lakini sataranji ya kwao ilikuwa na sheria tofauti kidogo na zile za Ulaya. Askari, yaani kete ndogo za mbele, hawakuruhusiwa kuruka nyumba mbili katika hatua ya kwanza. Michezo ilianza polepole, na mchezaji alizoea kuvumilia.

Tajiri mmoja mwenye mashamba, Sir Umar Hayat Khan, aliona kipaji chake na kumchukua chini ya ulinzi wake. Vitabu vingi vinasema Sultan Khan alikuwa mtumishi katika nyumba hiyo. Watu wa familia yake wanakataa maelezo hayo. Mwaka 1928 akawa bingwa wa India nzima, na mwaka uliofuata Sir Umar akasafiri naye mpaka London.

Huko yakaandaliwa mashindano madogo ya kumpa mazoezi. Sultan Khan alimaliza katika nafasi ya mwisho, sawa na mchezaji mwingine. Hakujua namna Wazungu wanavyofungua mchezo, kwa sababu hatua za kwanza za kwao zilikuwa nyingine kabisa.

Hapo ndipo wakaingia William Winter na Frederick Yates, wawili kati ya wachezaji wakubwa wa Uingereza. Walikuwa wamemtangulia katika mashindano yale, na Yates ndiye aliyekuwa bingwa wa nchi wa mwaka 1928. Wangeweza kuchukua ushindi wao na kuondoka. Badala yake walikaa naye na kumtayarisha. Kiangazi cha mwaka huo huo, katika muji wa Ramsgate, Sultan Khan akachukua taji la Uingereza.

Alilichukua tena mwaka 1932 na 1933. Katika mashindano ya Hastings ya 1930-31 alimshinda José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927. Huko Prague mwaka 1931 alimshinda Akiba Rubinstein na kutoka sare na Alexander Alekhine, bingwa wa dunia wa wakati huo. Yote hayo aliyafanya huku malaria na homa za baridi zikimsumbua mara kwa mara. Mwaka 1933, mwanamke aliyeitwa Fatima, kutoka nyumba hiyo hiyo ya Sir Umar, alishinda ubingwa wa wanawake wa Uingereza.

Mwisho wa 1933 Sir Umar alirudi India, na Sultan Khan akarudi naye. Safari zake za Ulaya zikaishia hapo. Aliishi maisha ya shambani, na akafariki mwaka 1966 huko Sargodha, Pakistan, kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1950, shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, lilipogawa cheo cha bwana mkubwa kwa mara ya kwanza, Rubinstein alipewa, yeye hakupewa. Cheo hicho cha heshima kilimfikia mwaka 2024, miaka 58 baada ya kifo chake.

Kwa anayeanza leo, sehemu ya kukumbuka ni ile ya Winter na Yates. Kwenye simu, mtu asiyejulikana anakufunga mfalme wako, kisha anatoweka. Ukibonyeza haraka kutafuta mwingine, utashindwa mara kumi kwa kosa lile lile. Lakini programu kama Lichess, ambayo ni ya bure, inahifadhi kila hatua mliyocheza. Irudie. Tafuta pale ulipopoteza kete ya kwanza, na ujiulize adui alikuwa anatishia nini. Chagua michezo mirefu, ya dakika 10 na zaidi, ili upate muda wa kuwaza. Na mega zikiisha, mchezo unaendelea juu ya ubao: karatasi yenye nyumba 64 na vizibo vya chupa vinatosha.

Zaidi ya hapo, anayejua amkalishe asiyejua. Kama katika shule ama kambi yako kuna mmoja anayekushinda kila siku, usimkimbie. Mwombe akuonyeshe alivyokushinda. Na kama mshindi ni wewe, usiondoke mara moja. Huko London mwaka 1929, bingwa wa nchi nzima alibaki mezani na mgeni aliyekuwa wa mwisho.