Mwanamfalme Nuhu Mbogo na majirani aliopigana nao



Wengi wetu tumeswali Ijumaa Kibuli. Msikiti ule ulikamilika mwaka 1951 juu ya ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, na jina lake linajulikana kwa kila mwanafunzi Mwislamu wa Kampala. Baba yake, Mwanamfalme Nuhu Mbogo, hatumtaji sana, ingawa bila yeye huenda kusingekuwa na jamii ya Waislamu ya kujengewa msikiti pale. Tumechagua kusimulia maisha yake kwa sababu yanagusa jambo linalotusumbua hapa chuoni: tunaishije na watu ambao hawako kama sisi, na pengine hawatakuwa kama sisi?

Mbogo alikuwa mtoto wa Kabaka Suna II na ndugu wa Kabaka Mutesa I. Uislamu ulifika kwenye ikulu ya Buganda mwaka 1844, enzi ya baba yake, pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani. Mutesa aliyerithi kiti mwaka 1856 aliupenda. Alijifunza kusoma Kiarabu, akafunga Ramadhani kwa miaka kama kumi, na wengi wa watu wa ikulu wakamfuata. Mbogo alikuwa miongoni mwa walioingia katika dini na kubaki humo.

Lakini Mutesa alikataa tohara, kwa kuwa mila haikuruhusu damu ya Kabaka imwagike. Vijana wa ikulu waliosoma dini wakaona Kabaka asiyetahiriwa hawezi kuwaongoza katika swala, tena wakakataa nyama iliyochinjwa na wasio Waislamu. Mutesa alihesabu hayo kuwa ni kumdharau. Katika miaka ya 1875 na 1876 aliamuru wauawe, na makumi kati yao walichomwa moto Namugongo. Miaka kumi baadaye mwanawe Mwanga akawaua vijana wa Kikristo, wengi wao palepale Namugongo. Tarehe 3 Juni kila mwaka tunaona mahujaji wa Kikristo wakijaa barabara za kwenda huko. Tukumbuke kwamba Waislamu walitangulia kufa mahali pale, na kwamba kosa lao na la wale Wakristo machoni pa mfalme lilikuwa moja: walikataa kuwa alivyotaka yeye.

Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo waliungana wakamwondoa Mwanga. Umoja huo haukumaliza hata miezi miwili. Waislamu wakawafukuza Wakristo kutoka mji mkuu, wakamwondoa pia Kabaka Kiwewa alipokataa tohara, na kumweka Kalema. Kalema alitawala kwa hofu. Aliwaua wanawafalme na mabinti wa kifalme kwa wingi ili asibaki mtu wa kushindana naye. Mbogo, ami yake, alinusurika. Mwaka uliofuata Wakristo wakarudi na Mwanga kwa nguvu ya silaha, na Waislamu wakakimbilia kaskazini, mpakani mwa Bunyoro. Huko Kalema alikufa kwa ndui mwaka 1890.

Hapo ndipo Waislamu walipomchagua Mbogo kuwa Kabaka wao. Hakuwa na mji mkuu wala jumba la kifalme. Alikuwa na watu waliochoka na waliopoteza jamaa zao na mashamba yao. Mei 1891 Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza, akiwa pamoja na majeshi ya Waganda Wakristo, aliwashinda tena. Januari 1892 Wakristo nao, Waprotestanti kwa Wakatoliki, wakapigana wenyewe kwa wenyewe pale Mengo.

Baada ya vita hiyo Lugard alitafuta suluhu na Waislamu, na Mbogo alikuwa na njia mbili. Angeweza kubaki msituni kama mfalme wa haki, huku watu wake wakizidi kupungua. Angeweza pia kurudi Kampala kuishi chini ya Mwanga, mtoto wa ndugu yake, kati ya Wakristo waliompiga vita, na kuacha dai lake la ufalme. Alirudi mwaka 1892. Waislamu wakapewa masaza matatu madogo ya kukaa.

Hakurudi kwenye raha. Mwaka 1893 baadhi ya Waislamu walichukua tena silaha, wakashindwa, na masaza mawili yakachukuliwa. Ikabaki Butambala peke yake. Mbogo hakuwa kwenye uwanja wa vita, lakini wakubwa wa Kiingereza waliona jina lake tu ni hatari, wakampeleka Zanzibar. Alikaa huko hadi mwaka 1895. Mtu aliyetendewa hivyo baada ya kuweka silaha chini angekuwa na sababu zote za kurudi na kisasi moyoni.

Mtihani ulimfikia mwaka 1897. Mwanga aliasi na kukimbia. Baada ya miezi michache askari wa Kisudani waliokuwa jeshi la Waingereza, na ambao ni Waislamu wenzetu, nao wakaasi. Kiti kilikuwa kinatikisika, na wapo waliotaka Mbogo awe Kabaka. Alikataa. Waislamu wengi wa Buganda walimtazama yeye, wakatulia.

Katika Mkataba wa 1900 jina lake limo kama kiongozi wa Waislamu. Alipewa pauni 250 kwa mwaka maisha yake yote, na maili za mraba 24 za ardhi kwa ajili yake na wafuasi wake, na kwa malipo hayo akaachia madai yake mengine. Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto mdogo, alipewa maili 350. Walezi wake watatu, Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, wote walikuwa Wakristo. Katika masaza 20 ya Buganda, Waislamu walikuwa na moja. Haikuwa haki, wala hatuna sababu ya kuipamba.

Hata hivyo Mbogo aliishi zaidi ya miaka 20 baada ya mkataba huo, jirani na watu haohao, akiwaongoza Waislamu hadi alipofariki mwaka 1921. Hakubadili dini yake ili akubalike. Wala hakungoja Kagwa na wenzake wabadilike ndipo akae nao.

Sisi tunaosoma sira tunajua mfano mkubwa zaidi. Pale Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria, Suhail bin Amr alikataa cheo cha utume kiandikwe katika mkataba. Masahaba waliumia, lakini Mtume (S.A.W.) aliruhusu kifutwe. Hakuacha kuwa Mtume kwa hilo. Aliwapokea Makuraishi pale walipokuwa siku hiyo, si pale alipotaka wawe, na milango ikafunguka baadaye. Kumpokea mtu alivyo si kusema kwamba yuko sahihi. Ni kuacha kumwekea sharti kwamba awe kama wewe kwanza ndipo umpe amani. Sharti hilo kuliacha kuna gharama, na kwa Mbogo gharama ilikuwa ufalme.

Muda mfupi baada ya kifo chake Waislamu wa Uganda waligawanyika. Waligombana juu ya kama mtu akishaswali Ijumaa aswali tena Adhuhuri au inatosha. Suala hilo lina mjadala wa zamani katika fiqhi ya Kishafii, na wanazuoni wamelijadili bila kutoana katika dini. Hapa kwetu lilizaa makundi mawili, Juma na Zukuli, misikiti ikatengana na familia zikatengana. Watu waliokuwa wameweza kukaa na Wakristo waliopigana nao kwa bunduki walishindwa kukaa na ndugu aliyeongeza rakaa nne.

Hilo ndilo la kujiuliza katika hosteli zetu na katika jumuiya yetu. Mara nyingi tunamvumilia kwa urahisi mwenzetu wa chumbani anayekwenda kanisani Jumapili. Halafu tunakataa kuswali nyuma ya ndugu anayesoma kunuti, au asiyesoma, na dada anayejifunga hijabu tofauti na tulivyozoea hatumpi hata salamu kamili. Uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ukifika, tunapiga kura kwa kuangalia nani anahudhuria darsa ya nani. Aliyeanza kuswali muhula huu anahesabiwa makosa kabla hajaulizwa jina.

Mbogo alikuwa na sababu nzito kuliko zote tulizo nazo za kuwakataa majirani zake, na alikaa nao. Sisi tuanze na walio katika safu moja nasi. Allah amrehemu, awarehemu waliouawa Namugongo katika dini yake, na azipatanishe nyoyo zetu. Amin.