Bibi Eliza na ekari 40 za Newburg



Majira ya kuchipua yamefika. Kila anayekaa Newburg, upande huu wa Louisville, anajua ardhi yetu ilivyo baada ya mvua: unakanyaga nyasi, kiatu kinabaki matopeni. Zamani eneo hili lilikuwa msitu wa kinamasi, ndiyo maana waliliita Wet Woods, yaani msitu uliolowa maji. Leo nawasimulia habari za bibi mweusi aliyenunua ekari 40 za ardhi hiyo, wakati ambapo watu weusi wenyewe walikuwa wakinunuliwa.

Jina lake ni Eliza Curtis Hundley Tevis. Alizaliwa mtumwa mnamo mwaka 1802 hivi. Hundley ni jina la mabwana waliommiliki, kwani watumwa wengi waliitwa kwa ukoo wa mabwana zao. Mwaka 1833 akapata uhuru, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu.

Watoto, hapo msipite haraka mkadhani shida zake ziliisha. Kentucky ilikuwa bado jimbo la utumwa. Hapa hapa Louisville walikuwepo wafanyabiashara waliowapakia watu melini na kuwapeleka kusini kuuzwa. Mweusi aliye huru alitakiwa kuwa na karatasi za kuthibitisha uhuru wake. Sisi tuliowahi kubeba bahasha ya hati kifuani kutoka kambini hadi uwanja wa ndege tunaelewa maisha ya namna hiyo. Na ng'ambo ya mto Ohio, maili chache tu, ilikuwepo Indiana ambako utumwa ulikatazwa. Eliza alibaki upande huu.

Mwaka 1843 aliolewa na Henry Tevis. Akina mama, hapa ndipo ninapompenda zaidi. Kwa sheria za siku zile, mwanamke akiolewa mali yake inaingia mikononi mwa mume. Basi Eliza na Henry wakaandikiana mkataba kabla ya ndoa kwamba mali ya Eliza itabaki chini ya Eliza mwenyewe. Haikuwavunjia nyumba, maana miaka minane baadaye walinunua shamba pamoja.

Angalieni na mwaka walionunua. Mwaka 1850 Kentucky ilipata katiba mpya iliyotaka mtumwa akiachwa huru aondoke jimboni, na weusi huru wa kwingine wasiingie. Serikali inawaambia watu wa rangi yao kwamba hawatakiwi, na mwaka 1851 wao wananunua ekari 40! Ardhi ya kinamasi, lakini ni yao, na imeandikwa.

Utumwa ulikomeshwa Kentucky Desemba 1865. Mtu mmoja aliyekuwa mtumwa, Peter Laws, akajenga kibanda cha magogo eneo hili, na pakaitwa Petersburg kwa jina lake. Walioachwa huru wengine wakaja, nyumba moja ikawa mtaa. Miaka hiyo hiyo ya 1870, kule kwetu Mombasa, Freretown nayo ilianza kama kijiji cha walioachwa huru. Bibi Eliza aliishi hadi miaka ya 1880, kwa hiyo aliwaona majirani hao wakiongezeka.

Na mtaa huo haukukaa kimya baadaye. Miaka ya 1970 watu wa Newburg, kupitia chama chao cha Newburg Area Council, waliishtaki bodi ya shule ya wilaya kwa sababu watoto weusi walikuwa wametengwa katika shule yao. Walishinda, na Septemba 1975 mabasi ya shule yakaanza kuwachanganya watoto wa Louisville nzima. Mkipanda basi asubuhi mkakaa na wenzenu wa kila rangi, mjue kuna majirani wa hapa waliokwenda mahakamani.

Bibi Eliza na Petersburg wamewekewa bango la kumbukumbu la jimbo hapa mtaani. Wazazi, wiki hii watafuteni watoto nafasi ya kwenda kulisoma, hali ya hewa ni nzuri. Na kila mtoto amuulize jirani mzee mmoja alihamia Newburg mwaka gani na alikuta nini, kisha atuletee jibu darasani kwa Kiswahili. Msisahau kumwamkia kwanza.