SHEIKH RAMIYA: KUTOKA UCHUUZI WA SAMAKI HADI USHEIKH

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Kila Ramadhani inapoingia, sisi vijana wa Eastlands tunakuwa na udhuru ule ule. Ukiuliza mbona fulani haonekani msikitini, unaambiwa yuko Gikomba na mitumba haijiuzi yenyewe. Mwingine ni makanga, mwingine anagonga mabati jua kali Kamukunji, na mwingine kama mimi anasoma chuo na jioni anasaidia kwa kibanda cha nyumbani. Wallahi nakiri, nimewahi kuiacha Alasiri ikapita kwa sababu wateja walikuwa wamejaa. Nikajiambia Mungu anajua shida zangu. Sasa hebu tumtazame mtu ambaye shida zake zilizidi zetu zote.

Jina lake ni Yahya bin Abdallah, lakini watu walimjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, mashariki ya Kongo, katika karne ya 19. Wazee wetu wa Majengo, Pumwani, wanalijua jina hilo la Manyema, maana Wamanyema walikuwa miongoni mwa Waislamu wa zamani wa mtaa ule. Yeye lakini hakufika pwani kwa hiari yake. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaletwa Bagamoyo, mji wa Tanganyika unaotazamana na Unguja, ambako misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuwa ikiishia. Huko akawa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, Mwarabu mwenye mali aliyekuja kuwa liwali wa mji.

Hebu fikiria, ndugu yangu. Huna baba, huna mama, huna ukoo, na mji wenyewe unawapima watu kwa nasaba. Kama kuna mtu angeweza kusema dini ni ya wenye nafasi, ni huyu.

Yeye hakusema hivyo. Alianza biashara ndogo ndogo ya kuuza samaki. Samaki hamngoji mtu, ukichelewa ameoza na mtaji umekwenda. Pole pole akaweka akiba, akaingia katika biashara ya minazi, akawa na mashamba yake. Na katika mihangaiko hiyo hiyo akakaa chini mbele ya Sheikh Abu Bakr bin Taha al-Jabri kusoma. Hakungoja kwanza atajirike ndipo asome, wala hakuitupa biashara ati kwa sababu sasa ameingia katika elimu. Vyote viwili vilikwenda pamoja mpaka mchuuzi yule akawa mwalimu, akafungua chuo chake. Watu wa kawaida, wakiwemo waliotoka utumwani kama yeye, wakamfuata kwa wingi.

Mnamo mwaka 1905 hivi aliingia katika tarika ya Kadiriyya, na kwa mkono wake Bagamoyo ikawa kituo kikubwa cha tarika hiyo. Wajerumani walipoondolewa Bagamoyo mwaka 1916, Waingereza walimpa yeye uliwali wa mji. Subhanallah! Cheo kile kile alichowahi kukikalia bwana wake, sasa kiko kwa aliyekuwa mtumwa wake. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Muhammad akashika nafasi yake ya usheikh. Maulidi ya Bagamoyo yaliendelea kuwakusanya watu kutoka mbali miaka mingi baada yake.

Ndugu zangu, tunakosea pande mbili. Kuna sisi tunaoacha swala kwa ajili ya biashara. Na kuna wale wanaoacha kazi kwa jina la ibada, halafu wanamwachia mama mzee mzigo wa kodi na unga. Surat Jumua imezijibu pande zote mbili: ikiadhiniwa swala ya Ijumaa tunaamrishwa tuache kuuza na kununua, na swala ikiisha tutawanyike tukatafute fadhila za Allah (s.w.t.). Hatukuambiwa tukae msikitini mchana kutwa, na pia hatukuambiwa tungoje soko lifungwe ndipo tuswali.

Kumbuka pia kwamba riziki ya halali ilimsaidia Sheikh Ramiya katika dini yenyewe. Mwenye shamba lake na biashara yake anaweza kufundisha bila ya kutazama mkono wa tajiri. Kazi yako ikiwa safi, nayo ni ibada.

Basi Ramadhani hii tufanye jambo dogo tu. Mwenye kibanda apatane na jirani yake, huyu aswali na yule alinde bidhaa, kisha wabadilishane. Dakika kumi hazifilisi mtu. Mimi nimeshapatana na jirani yangu wa kibanda, na toka siku hiyo Alasiri haijanipita. Wateja bado wanakuja kama kawaida, alhamdulillah.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Ramiya na wazee wetu wote waliotangulia, atupe riziki ya halali, na azikubali saumu zetu. Amin.

Ramadhan Karim. Wabillahi tawfiq.