Apolo Kivebulaya: Mzee Aliyejifunza Lugha za Jirani

Wengi wenu mlioko Uganda, Kenya na Tanzania hutuuliza sisi wa Hai Cinema: nikija Juba kuishi, nijiandae vipi? Habari za pasi, nauli na chanjo ya homa ya manjano kila mtu atakuambia. Mimi nataka nikusimulie habari za mzee mmoja aliyevuka mipaka kabla yetu, ndipo utaona ni nini tunakisahau tunapofunga mizigo.

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, akabatizwa 1895. Jina Kivebulaya maana yake ni kilichotoka Ulaya. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya koti jekundu alilovaa juu ya kanzu. Lakini Ulaya hakwenda. Yeye alielekea Toro, na mwaka 1896 akavuka mto Semliki mpaka Mboga, ambayo leo ni Kongo.

Kule haikuwa mchezo. Walimu wawili wa Kiganda waliomtangulia walirudi nyumbani kwa njaa, maana Chifu Tabaro hakutaka wapewe chakula. Apolo hakungoja kulishwa, alishika jembe akalima. Alipigwa. Mwaka 1898 dada wa chifu aliangukia mkuki akafa, na lawama ikamwangukia Apolo. Akapelekwa Toro kifungoni. Alipoachiliwa, ndugu yangu, wewe ungerudi? Yeye alirudi Mboga. Na Tabaro yule yule baadaye alibatizwa, akaitwa Paulo.

Sasa tazama jambo la lugha. Apolo alikuwa Mganda, na Waganda wakati ule walikuwa na nguvu na heshima. Angeweza kusema: nifuateni kwa Kiganda changu. Badala yake alijishusha, akajifunza kusema kama wenyeji. Mwaka 1903 akawa kasisi, na bado hakuacha kujifunza. Katika miaka ya 1920, umri ukikaribia sitini, aliingia msituni kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao. Akakaa nao, akasikiliza maneno yao, mpaka akaifanyia kazi tafsiri ya Injili ya Marko katika lugha yao. Mzee wa nywele nyeupe, anakubali kuwa mwanafunzi tena!

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa haijaisha.

Mpendwa, sisi Wapentekoste tunapenda kunena kwa lugha, na ni vizuri. Lakini siku ya Pentekoste wageni walisikia habari njema kwa lugha ya kwao wenyewe. Je, jirani yako anasikia nini? Mimi natubu hapa. Miezi yangu ya kwanza Juba nilikaa na Kiswahili changu, tukiimba na kushangilia wenyewe kwa wenyewe. Siku moja mama jirani alisimama mlangoni akaniomba moyo. Nikafungua Biblia nimhubirie habari za moyo. Kumbe kwa Kiarabu cha Juba moyo ni maji! Yule mama alikuwa na kiu, mimi nampa mahubiri. Hata hai ya Hai Cinema si uzima, ni mtaa tu.

Tangu siku ile nina daftari. Kila jioni naandika maneno matano, kesho yake nayatumia sokoni, watu wananicheka, wananirekebisha, na tunakuwa marafiki.

Basi ukija, njoo na pasi yako na chanjo yako. Lakini njoo pia na daftari tupu, na uwe tayari kuchekwa. Na mtu akikuomba moyo, tafadhali, mpe maji kwanza.