SITI BINTI SAADI

Baba mdogo, fundi redio hapa Ilagala, alipata kipaza sauti cha zamani chenye umbo la tarumbeta, kimeliwa na kutu. Tulikikwangua, tukayatia lehemu matundu yake, kisha tukakiunganisha na amplifaya ya valvu ya wati 3 tu. Nilicheka. Kumbe tarumbeta huikuza sauti ndogo. Santuri ilipozunguka, majirani walitoka nje kusikiliza.

Mwimbaji alikuwa Siti binti Saadi. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Wazazi wake walikuwa wafinyanzi, naye alizunguka akinadi vyungu. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa kuimba na Ali Muhsin. Akaimba taarabu kwa Kiswahili, akataja maonevu waliyotendewa wanyonge. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri zilizoenea Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1950.

Mama yangu huuza vyungu sokoni. Nilikuwa nikiwaficha wenzangu jambo hilo. Jumamosi iliyopita nilimsaidia kuvibeba, tukapita mbele ya shule, nami sikuinamisha kichwa.