Bibi Salme wa Unguja, aliyeitwa Emily

Kwa toleo hili sisi wa mwaka wa sita tumepewa ukurasa wa maisha ya watu wa zamani, nasi tumechagua mwanamke. Vitabu vya hadithi za kikristo vilivyo katika sanduku la maktaba tumevisoma karibu vyote, na vingi viko na njia moja: msichana anakosa, anaanguka, analia, anatubu, na kwenye ukurasa wa mwisho kuna arusi ao wimbo kanisani. Tunavipenda, hatukatai. Lakini tulitaka kujua kama mtu wa kweli, mwenye kaburi linalojulikana, anapita njia ile ile. Mwalimu wetu wa historia akatuambia juu ya Salme, binti wa Sultani wa Unguja. Tulibishana juu yake majuma mawili, hata usiku kisha taa kuzimwa. Kazi ya kapita ni kunyamazisha wengine, lakini safari hii naye alikuwa kati ya wenye makelele.

Kuna atakayeuliza habari za Unguja zinatuhusu nini sisi watu wa Salamabila. Wazee wa Kasongo watamjibu upesi. Njia ya pembe na ya watumwa ilitoka huku, ikapita Kabambare, ikavuka ziwa mpaka Ujiji, ikaenda Tabora na Bagamoyo, na mbele yake ni bahari. Lugha hii tunayoandika ilikuja kwa njia ile ile.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 kwenye jumba la Mtoni, kando ya bahari, si mbali na mji wa Unguja. Baba yake, Seyyid Said, alitawala Oman na Unguja, naye alikuwa na masuria wengi na watoto wengi. Mama yake, Jilfidan, alikuwa mmoja wa masuria wale. Alitoka Circassia, inchi ya milima upande wa Bahari Nyeusi. Wanyang'anyi waliua wazazi wake wakamchukua yeye angali mtoto mdogo, mwishowe akafika katika nyumba ya Sultani. Msomaji ashike neno hili, tutarudi kwake.

Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika haikuwa desturi kwa mwanamke. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri. Alikuwa ananakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika sawa ubao. (Wale wanaosema hawakuandika zoezi sababu daftari imekwisha, wasome tena mstari huu.) Mambo mingi ya maisha yake, mema na mabaya, yalitoka katika kalamu ile aliyoiiba.

Baba alikufa mwezi wa Oktoba 1856 katika merikebu, akirudi kutoka Oman. Salme alikuwa na miaka 12; akahesabiwa mtu mzima, akapewa feza na shamba lake. Mama akamfuata baba mwaka 1859, kwa kipindupindu. Salme akabakia yatima mwenye mali, na hakuna wa kumwambia hapana.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoingia. Sultani mpya wa Unguja alikuwa Majid, ndugu yake. Huyu Majid alimpenda tangu utoto, na Salme na mama yake walikaa miaka kadhaa katika nyumba moja naye. Lakini ndugu mwingine, Barghash, alitaka kiti. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme alimpenda Khole kupita wote. Basi akaingia katika shauri lile kwa mapenzi tu, bila kupima. Na kwa sababu alijua kuandika, wakamfanya karani wao. Msichana wa miaka 15 akawa anaandika barua kwa wakubwa, barua za kutafuta watu na silaha za kupigana na ndugu aliyemtendea mema.

Mwaka ule ule wa 1859 mambo yakalipuka. Askari wa Majid walizunguka nyumba ya Barghash. Wadada, Salme akiwa kati yao, wakaingia, wakamvika Barghash nguo za kike na kumtoa usiku katikati ya kundi la wanawake. Akakimbilia shamba liitwalo Marseille, pakapiganwa, Waingereza wakamsaidia Majid, na watu mingi wakafa. Barghash alipelekwa Bombay, kule India. Salme hakufungwa. Wengi walimshauri Majid awaadhibu wanawake wale, yeye akakataa.

Tunataka kukaa hapa kidogo. Katika hadithi za sanduku letu, msamaha unakuja mwisho, kisha machozi. Kwa Salme msamaha ulikuja kwanza, kabla hajauomba, na aliyesamehe alikuwa Mwislamu. Wandugu zetu Waislamu wa Kasongo wasifikiri tumeandika maisha haya kwa kuwatukana. Salme mwenyewe alikaa na ile aibu shambani, mbali na mji, na baadaye akapatana na Majid. Kupatana kule kulimharibia upande wa pili: Khole na Barghash wakamhesabu msaliti. Barghash hakulisahau.

Aliporudi mjini alikaa jirani na mfanyabiashara mmoja kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Nyumba za Unguja zimebanana, dirisha moja linatazama lingine. Wakapendana, Salme akapata mimba. Binti wa Sultani, bila ndoa, kwa mtu wa dini ingine: kila mtu anajua ingeweza kuwa kifo. Mwezi wa Agosti 1866, akisaidiwa na mke wa daktari Mwingereza Seward, aliingia usiku katika manowari ya Waingereza iliyoitwa Highflyer, akaenda Aden. Mtoto wake alizaliwa huko mwezi wa Desemba. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kufungishwa ndoa siku ile ile, halafu wakaondoka kwenda Ulaya. Mtoto yule mwanaume hakumaliza mwaka ule.

Wavulana wa darasa letu wengi walisema: sawa, hii ndiyo dhambi yake. Wasichana walijibu kwa kuhesabu. Tulipoanza mwaka wa kwanza walikuwa wengi kuliko leo, na si wote waliotoka kwa sababu ya feza za masomo. Wavulana waliohusika wako bado wanakaa kwenye mabenchi, wanachangia ubishi juu ya Salme. Kisha neno lile darasa lilinyamaza kidogo, na sisi tunaliandika hapa bila kuongeza kitu.

Ubatizo ule nao tuuseme wazi, hata kama gazeti hili ni la shule ya kanisa. Katika barua alizoziandika na zikachapwa kisha kifo chake, Emily anaonyesha kwamba alibatizwa bila kufundishwa vizuri, na kwamba kwa muda mrefu jina lilikuwa la kikristo lakini moyo ulikuwa ungali kwa sala za zamani. Alihisi kama mtu anayedanganya watu wawili pamoja. Pasta akisoma hapa asitukasirikie. Sisi tunaona maungamo yale yana thamani kupita cheti.

Hamburg ilikuwa baridi, na watu walimtazama sawa kitu cha maonyesho. Alizaa watoto watatu: Antonie, Rudolph Said, na Rosalie. Mwezi wa Agosti 1870 bwana wake aligongwa na tramu akafa, kitinda mimba akiwa bado wa kubebwa. Toka siku ile, binti aliyezoea watumishi kila mlango akapika mwenyewe, akahama mji kwa mji, akafundisha lugha yake kwa malipo kidogo ili watoto wasome.

Mwaka ule ule Majid alikufa, na aliyekaa kwenye kiti ni nani? Barghash. Salme aliomba kupatana na kupata haki yake ya urithi. Mwaka 1875 Barghash alitembelea London. Salme akafunga safari kutoka Ujerumani ili amuone tu. Wakubwa wa Waingereza walimzuia: wakamwahidi msaada kwa watoto kama atamwacha Sultani bila kumsumbua, kisha msaada wenyewe haukufika. Mwaka 1885 akarudi Unguja, lakini, ole wake, alirudi pamoja na manowari za Wajerumani, wakati Bismarck alikuwa anamshurutisha Barghash juu ya inchi za bara. Watu wa mji walimshangilia njiani, ndugu yake hakufungua mlango. Wajerumani walipopata walichotaka, habari ya Bibi Emily wakaiacha. Wengine wetu wanasema alitumiwa. Wengine wanasema alikuwa mwenye akili zake, alijua mizinga ile ilikuwa inaelekea nyumba ya nani. Sisi tunafikiri yote mawili ni kweli: mtu aliyekataliwa miaka 19 anaweza kupanda merikebu yoyote. Alijaribu tena mwaka 1888, Barghash akiwa amekufa mwezi wa Machi, na ndugu aliyemfuata, Khalifa, naye hakumpokea.

Kati ya safari zile mbili, mwaka 1886, alichapisha kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Ni mmoja wa wanawake wa kwanza wa pwani yetu kuandika maisha yao wenyewe, na kwa hiyo tunamheshimu. Lakini ndani iko sura juu ya utumwa, nayo ndiyo ilitugawanya kupita mimba, kupita vita ya ndugu.

Katika sura ile Emily anatetea utumwa wa Unguja. Anaeleza kwamba watumwa wa nyumbani hawakutendewa sawa wale wa Marekani, kwamba Mwafrika bila kulazimishwa hafanyi kazi, kwamba Waingereza waliharaka kuuvunja na kuwatia wenye mashamba hasara. Tulisoma mambo haya sisi tuliozaliwa huku watumwa wenyewe walikotolewa! Mwaka 1871 Livingstone, aliyekuwa amelala mgonjwa Kabambare miezi mingi kwa vidonda vya miguu, alifika Nyangwe karibu na Kasongo. Mwezi wa Julai akaona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakifyatulia bunduki wanawake waliokuja sokoni. Waliokufa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni, walikuwa mamia. Emily wakati ule alikuwa Ujerumani, mjane wa karibu mwaka mmoja, analia ya kwake. Alijua karafuu za shamba lake. Alijua wale waliozichuma. Njia waliyopitia hakuiona, na hatusomi kwamba aliuliza.

Na hapa tunarudi kwa mama yake. Jilfidan alinyang'anywa kwa wazazi waliouawa, akabebwa mbali, sawasawa kabisa na mtoto wa Maniema. Binti alisikia habari ile kutoka kwa mama, akaiandika kwa huruma katika kitabu kile kile. Kurasa kadhaa mbele akatetea soko. Juu ya nini hakuunganisha? Tulimuuliza mwalimu, naye akatuuliza ni mambo mangapi tumesikia nyumbani kwetu na hatujayaunganisha.

Wengine walisema basi, mtu wa namna hii hana ukombozi, tumtoe kwenye gazeti. Sisi tukakataa. Mfalme Daudi aliandikwa pamoja na Uria, hakuna aliyefuta ule mlango. Tena tuliona mambo mawili ya baadaye. Moja, hakuficha. Angeweza kuandika kitabu cha binti mfalme asiye na kosa, lakini uasi wa 1859 aliueleza, pamoja na wema wa Majid ambao yeye aliulipa kwa ubaya. La pili, watoto wake hakuwaacha, hata pale jamaa za Unguja na za Ulaya zilipomchoka. Juu ya watumwa hatukupata mstari wa kutubu. Tumetafuta, hatutaki kumpamba.

Kisha 1888 hakukaa tena Ujerumani muda mrefu. Alikwenda Jaffa, halafu Beirut, mahali panaposikika adhana na Kiarabu, akakaa huko mpaka 1914, ndipo akarudi kwa watoto. Katika uzee wake, Sultani Khalifa bin Harub alimpa pensheni ndogo. Yaani mlango ulifunguka kidogo, kwa mikono ya mtu ambaye hakuwamo katika ugomvi hata kidogo.

Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 29 Februari 1924, mjini Jena, na akazikwa Hamburg karibu na bwana wake. Katika vitu vyake palikuwa mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliouchunga miaka yote. Wakauweka kaburini pamoja naye.

Ubishi haujaisha. Nusu ya mwaka wa sita inasema Majid alitosha, aliyesamehewa amesamehewa. Nusu ingine inasema wa Nyangwe hawakuulizwa. Aliye na neno, mwanafunzi ao mwalimu, alete karatasi kwa kapita kabla hatujapiga stensili ya toleo linalokuja. Mistari kumi inatosha, wino usiwe mwekundu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita