Tingatinga Si Trekta: Maisha ya Edward Saidi Tingatinga

Chama chetu cha Kiswahili kimenipa ukurasa huu niwaandikie maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kuiaga dunia. Walionitangulia waliandika juu ya wanasiasa na washairi. Mimi nimemchagua mchoraji. Sababu yangu mtaijua mbele ya safari, nanyi msinikimbize, kwani haraka haraka haina baraka.

Siku mwalimu mlezi wa chama alipolitaja jina Tingatinga darasani, sote tuliangua kicheko. Sisi watoto wa Ahero tingatinga si tunalijua! Ni lile trekta linalovuruga matope katika mashamba ya mpunga kabla ya miche kupandwa. Kumbe kuna binadamu aliyeitwa hivyo, tena jina lake limevuka bahari.

Ilikuwa hivi. Muhula wa pili tulikuwa tukitengeneza filamu fupi ya kuwaonyesha watoto wa shule ya msingi jirani. Hadithi yake ni ya mtoto aliyeachwa shambani kuamia ndege. Usingizi ukamwiba, kwelea wakaushukia mpunga. Waigizaji tulikuwa nao wa kutosha. Kazi ikabaki mwanzo wa filamu, yaani zile picha za vibonzo zinazotangulia, zikiwa na jina la filamu na majina ya watengenezaji. Sekunde 20 tu. Mimi, kwa kuwa ni katibu wa chama, nikajitwika kazi hiyo nikidhani ni ya jioni moja. Thubutu! Ili ndege wa karatasi aonekane anaruka, tulihitaji kupiga picha 12 kwa kila sekunde, na kabla ya kila picha tumsogeze kidogo. Piga hesabu mwenyewe: picha 240.

Tulianza kwa kuiga vibonzo vya ng'ambo tunavyoviona kwenye televisheni, vyenye macho ya kumetameta na vivuli vya kila namna. Baada ya wiki mbili tulikuwa na sekunde mbili, na kwelea wetu alifanana na kuku aliyenyeshewa. Ndipo mwalimu alipotuletea kitabu chenye picha za Tingatinga. Tukatazama. Mnyama mmoja mkubwa amejaa ubao mzima, nyuma yake rangi moja tu, mwilini ana madoa madoa, na mstari unaomzunguka ni safi kabisa. Hana kivuli wala madoido. Mmoja wetu akasema huyu unaweza kumkata kwa mkasi akatoka mzima. Basi tukashika njia hiyo, nami nikaenda maktaba kumtafuta mwenyewe.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi iliyoitwa Tanganyika, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima, watu wa jembe la mkono na mvua ya Mungu. Shule aliionja miaka michache tu. Wakati huo kusini kulikuwa mbali na kila kitu, na kijana aliyetaka kushika shilingi hakuwa na budi kufunga kibindo akaondoka.

Naye akaondoka. Katikati ya miaka ya 1950 alifika Tanga, kulikokuwa na mashamba makubwa ya mkonge. Mkonge ni mmea wenye majani marefu kama mapanga, na ncha yake huchoma kama sindano. Nyuzi zake hutengeneza kamba na magunia. Vijana wengi wa kusini waliishia huko, na kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo. Sisi tunaoinama kutwa kupandikiza mpunga siku za likizo tunaweza kukisia.

Karibu na mwaka 1959 akahamia Dar es Salaam. Aliajiriwa nyumbani kwa afisa mmoja Mwingereza, akafanya kazi ya nyumba na bustani. Mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru, lakini uhuru haukumletea Edward kazi ya ofisini. Aliendelea na vibarua vya hapa na pale. Alimwoa Agatha, nao wakajaliwa watoto wawili. Biashara yao ilikuwa matunda na mboga, zikiuzwa mahali panapoitwa Morogoro Stores, mtaa wa Oysterbay. Mtaa huo ulikuwa na wageni wengi na watu wa ofisi kubwa kubwa. Basi wanunuzi wa mchicha ndio waliokuja kuwa wanunuzi wa picha.

Maana mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, Edward alianza kuchora. Hebu tulia hapo kidogo, msomaji. Hakuwa amesomea uchoraji, na hakuwa na pesa za kununua rangi za wachoraji. Dar es Salaam siku hizo kulikuwa na wachoraji kutoka Kongo waliouza picha zao kwa wageni, na Edward aliona kwamba picha ni kitu kinachonunuliwa. Akatwaa vipande vya ubao mwembamba wa kiwandani, ule unaopigiliwa darini, akavikata mraba, kila upande kama sentimita 60. Kwa rangi, akanunua ile ya makopo inayopakwa baiskeli.

Hapa ndipo mimi nilipojifunza jambo ambalo halikuwa akilini mwangu. Nilidhani alichora vile kwa sababu hakujua kuchora vingine. Nilipojaribu rangi ya mafuta mwenyewe, ile iliyobaki baada ya milango ya bweni kupakwa, nikaelewa. Rangi ile ni nzito na inang'aa. Ukitaka kuichanganya polepole, kutoka giza hadi mwanga, inakutoroka na kuwa tope. Lakini ukiipaka yenyewe, ukaiacha ikauke, kisha ukaweka madoa juu yake, inawaka kama kanga mpya. Edward alikuwa ameijua rangi yake. Alichukua kile ambacho rangi ile inakiweza, akakifanya kiwe mtindo.

Alichora chui, tembo, ndege na nyati. Pia alichora watu katika shughuli zao. Agatha aliziuza picha pale pale penye biashara yao. Wageni wakanunua, wakarudi, wakaleta na wenzao. Baadaye shirika la serikali lililoshughulikia sanaa likaanza kununua kazi zake. Alipata pia kazi ya kuwahudumia wagonjwa katika hospitali ya Muhimbili, lakini brashi hakuiweka chini. Mchana wodini, jioni ubaoni.

Sasa kazi ikamzidi. Wengi wangefanyaje? Wangeongeza bei na kuificha siri. Yeye aliwaita jamaa zake na vijana wa kwao kusini, akawafundisha. Miongoni mwao walikuwa Ajaba Abdallah, January Linda, Omari Amonde na Simon Mpata. Walikaa pamoja naye, wakatazama mkono wake, wakashika brashi. Nawaombeni mkumbuke jambo moja: Edward aliandika jina lake kwenye picha zake, na wanafunzi wake nao wakawa wakiandika majina yao kwenye zao. Mwalimu alikuwa mmoja, mtindo ulikuwa mmoja, lakini kila mkono ulikuwa na mwenyewe.

Ajali haina kinga. Usiku mmoja wa mwaka 1972 Edward alikuwa ndani ya gari jijini Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakiwasaka wezi waliotoroka, wakadhani gari lile ndilo la wezi. Wakafyatua risasi. Edward akapigwa, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40 na alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Nilipofika ukurasa huo nilifunga kitabu nikatoka nje. Miaka minne ni kidato cha kwanza hadi cha nne. Kwa muda tunaoutumia hapa shuleni kungoja kengele ya chakula, yeye alianzisha mtindo wenye jina lake.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora pale pale Morogoro Stores, wakafundisha wengine, na hao wakafundisha wengine tena. Mwaka 1990 walikuwa na chama chao cha ushirika. Lakini penye mafanikio hapakosi mdudu. Picha za bandia zilitokea, zimeandikwa jina la marehemu ili ziuzwe ghali. Na jina Tingatinga lenyewe likageuka. Likaacha kuwa la mtu, likawa la aina ya picha, kama vile tusemavyo kanga au kikoi. Watalii wengi huinunua tingatinga barabarani bila kujua kwamba kulikuwa na baba mmoja wa Tunduru aliyeitwa hivyo, wala hawalitazami jina dogo lililo pembeni, la yule aliyeichora hasa.

Mwaka 2010 mtindo huo uliingia katika televisheni. Kipindi cha watoto kiitwacho Tinga Tinga Tales kilianza kuonyeshwa Uingereza, kikisimulia kwa nini wanyama wako jinsi walivyo, kwa mfano kwa nini tembo ana mkonga. Vibonzo vyake vilitengenezwa hapa kwetu Kenya, jijini Nairobi, na muziki ukatungwa na Mkenya, Eric Wainaina. Chui wa rangi ya baiskeli akatembea na kusema! Nami nilifurahi kujua kwamba vijana wa Kenya walikwisha kuifanya kazi ile ile iliyokuwa ikitutoa jasho.

Sasa nirudi Ahero, maana nina deni la kulipa.

Kwelea wetu walikuwa 60. Waliowakata kutoka maboksi, wakawapaka rangi na kuwatia madoa mmoja mmoja, walikuwa wanafunzi 11 wa kidato cha kwanza. Simu ya mwalimu tuliifunga kwa kamba juu ya viti viwili, ikitazama chini, mimi nikawa mpigaji picha. Upepo kutoka upande wa ziwa uliwapeperusha ndege mara tatu. Wingu lilipopita, picha zilitoka nyeusi, tukaanza upya. Watoto wale walikuwa wakipiga magoti sakafuni, wakisogeza mabawa kwa ncha ya penseli, picha baada ya picha, hadi 240 zikatimia.

Kisha nikaandika majina ya watengenezaji. Langu la kwanza. La mwenyekiti likafuata, kisha la mwalimu mlezi, la mweka hazina na ya waigizaji wawili. Kidato cha kwanza nikawaandika kwa neno moja: wengineo. Nilijitetea kwamba nafasi haitoshi. Ukweli ni kwamba sikufikiria hata kidogo. Siku tulipoionyesha kwa majaribio, mtoto mmoja aliyekuwa na bidii kuliko wote alisoma majina hadi mwisho, akakunja kitambaa chake cha rangi, akaondoka. Wiki iliyofuata hakuja chamani. Wala hakununa wala kulalamika. Aliacha tu kuja.

Ni katika wiki hiyo nilipokuwa nikisoma juu ya Tingatinga. Nilipofika pale pa majina kwenye pembe za picha, nyinyi wenyewe mwaweza kujua moyo wangu ulivyokuwa. Fundi mwenye madarasa machache, tena maskini, aliwaachia wanafunzi wake watie majina yao. Mimi katibu mzima, mwenye kalamu na daftari la chama, nilikuwa nimewaita watu 11 wengineo.

Nilimtafuta yule mdogo wangu nikamwomba radhi. Hakusema mengi. Aliniuliza tu kama ndege wangepigwa picha upya. Tulikaa Jumamosi mbili kuitengeneza upya sehemu ya mwisho, sekunde sita, picha 72. Kwelea 17 wanatua juu ya suke la mpunga, kila mmoja na jina lake mgongoni, nasi wote 17 tumo. Mwalimu alituambia majina yalikuwa madogo mno, hayangesomeka vizuri. Na kweli, siku ya kuonyesha filamu, watoto wa shule ya msingi hawakuyasoma. Walikuwa wakicheka kwa sababu ndege mmoja alitua kichwa chini. Lakini safu ya mbele, waliokaa kidato cha kwanza, niliona vidole vikinyoosheana. Kila mmoja alikuwa akimwonyesha mwenzake ndege wake.

Ndugu wasomaji, hayo ndiyo maisha ya Edward Saidi Tingatinga kwa ufupi. Ukiona picha yake au ya waliomfuata, usitazame chui peke yake. Tazama na pembeni, usome jina. Na mnapotengeneza jambo lolote pamoja, liwe filamu, tamthilia au jarida hili hili, waulizeni wahariri wenu ni nani hao wanaoitwa wengineo.

Kwa hayo machache natua kalamu. Mungu akipenda tutaonana katika toleo la mwaka ujao.